Tundu la Pili Ndani ya Boksi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashine za kukobolea mpunga Sylvanus alipofunga kibanda chake cha ufundi pale Viwanja Sitini na kuanza kukaza mwendo kwenda stendi. Alikuwa anawahi mzigo. Meseji iliingia mchana: kifurushi chako kutoka ng'ambo kimefika, njoo na kitambulisho. Na Gladness, binti anayekaa ofisi ya vifurushi, hana simile na wachelewaji. Giza likianza kuingia anashusha geti, hata umlilie.

"Kaka Sila, una bahati. Nilishashika kufuli," alisema, akamsukumia boksi dogo juu ya meza. "Limelowa kona moja. Usije ukanilaumu mimi, limekuja hivyo hivyo."

Sylvanus aliligeuza. Kweli, kona moja ilikuwa imelowa, karatasi imelegea. Ilikuwa kiangazi, vumbi la Ifakara linaingia mpaka kwenye uji, na hilo boksi limelowa. Hakujali. Mwenye raha hajali kona ya boksi.

Huyu Sylvanus ni fundi baiskeli, na mji wenyewe unaujua: hapa baiskeli ndiyo miguu, ndiyo gari la mizigo, ndiyo posa ya mtu. Ametengeneza za watu tangu hajaota ndevu. Lakini yake ya moyoni ilikuwa mauntenibaiki moja ya mtumba, fremu nyeusi iliyokuja kwenye kontena kutoka Ulaya, haina habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoku na gia. Habu ya aina ile haipo Ifakara. Morogoro haipo. Kariakoo walimcheka. Basi akajifunza kununua kwenye mtandao, kwenye duka la huko mbali ambalo hajui hata liko upande gani wa dunia. Usiku alikuwa analala na simu kifuani, anazitazama zile picha kama mtu anayemtazama mchumba.

Sasa hapa inabidi nikueleze jambo, maana usipolijua utasema Sylvanus ni mwoga wa bure.

Sylvanus alizaliwa na mwenzake, Evarist. Walifanana mpaka mama yao akawa anamfunga mmoja uzi mwekundu mkononi, asije akamnyonyesha huyo huyo mara mbili. Mwaka wa yale mafuriko makubwa, Evarist alikuwa anatoka Malinyi na baiskeli, akajaribu kukatiza mahali ambapo maji yalikuwa yamekula barabara. Maji yakamchukua. Walimpata yalipopungua, amenasa kwenye matete. Baiskeli yake wakaipata mbele kidogo, haina gurudumu la nyuma, na gurudumu lenyewe halijaonekana mpaka leo.

Siku ya mazishi shangazi yao, Theodosia, mama wa upande wa Mahenge asiyecheka ovyo, alilaza shina la mgomba kaburini, ubavuni mwa marehemu, liwe badala ya Sylvanus. Padri akajifanya anatafuta ukurasa. Kisha shangazi akamvuta Sylvanus pembeni.

"Ninyi mmenunuliwa viwili viwili tangu mnazaliwa," alimwambia. "Usije ukamkatia fungu lake. Kila kitu cha kujipendezesha utakachonunua, nunua viwili. Cha pili mpe mtu yeyote kabla jua halijazama, useme, hiki cha mwenzangu. Siku ukipata mtoto ukampa jina lake, atatulia. Kabla ya hapo, usithubutu kununua kimoja."

Ukitaka kucheka, cheka. Watu walicheka sana. Sylvanus akinywa soda, ya pili anampa mpita njia. Akinunua shati, la pili linavaliwa na dereva wa bajaji asiyemjua. Seifu, mwenye duka la spea kule sokoni, alikuwa hata hamuulizi tena. Akimwona tu Sylvanus anaingia, mkono unapanda kwenye shelfu na kushuka na viwili. Seifu ni Mwislamu wa watu, mambo ya migomba makaburini hayamhusu ndewe wala sikio, lakini heshima anayo.

Duka la ng'ambo sasa, hilo lingejuaje?

Na habu mbili za namna ile ilikuwa ni kuuza mpunga wote wa nyumba na kubaki mnatazamana. Halafu kulikuwa na Devota, mke wake. Miaka yote ile ya ndoa walikuwa wanasubiri, wanazungushwa hospitali na makanisani, na sasa Devota alikuwa na mimba, na nesi alikuwa ameshamwonyesha kwenye kioo: mtoto mmoja, anacheza vizuri. Mtoto huyo akizaliwa, akipewa jina, habari ya viwili viwili imekwisha. Sylvanus akajiona yuko mlangoni mwa uhuru. Akaanza kujibu hoja zake mwenyewe kitandani. Kununua ni dukani, mtu anakupa, wewe unapokea. Hapa kuna duka gani? Kuna muuzaji gani? Ni kugusa kioo tu. Na Evarist alikufa na kisimu cha tochi, mambo ya mtandao atayajulia wapi?

Pale kwenye idadi, akaacha moja.

Kidole kilisita kidogo. Kisha akabonyeza.

Kwa hiyo siku hiyo ya boksi hakuweza kungoja hata afike nyumbani. Alilifungulia pale pale nje ya ofisi, juu ya keria ya baiskeli ya mtu, huku Gladness anashusha geti nyuma yake. Ndani kulikuwa na sponji jeusi lililokatwa matundu mawili yanayolingana. Kwenye tundu la kwanza imelala habu, mpya, inang'aa.

Tundu la pili lilikuwa tupu.

Tupu, na limelowa. Alitia kidole. Kikatoka na tope… tope jeusi, laini, la mbugani, ambalo kila mtoto wa bonde hili analijua kwa kulikanyaga. Alinusa. Maji yaliyolala. Matete yaliyooza. Na pembeni mwa lile tundu palikuwa pamegandia pumba moja ya mpunga.

Boksi hili limetoka ng'ambo, alijiambia. Limepita kwenye ndege. Labda watu wa ushuru walilifungua. Labda limedondoka mahali. Alitafuta labda nyingine, hakuipata, akafunika boksi na kwenda nyumbani.

"Ndiyo hiyo tu?" Devota aliuliza, ameshika kiuno. "Kwa namna ulivyokuwa hulali, nilidhani unaleta jiko la gesi."

"Subiri uisikie inavyolia," Sylvanus alisema.

Maana habu zile zina sauti ya peke yake. Baiskeli zetu za kawaida, ukiacha kupiga pedeli, zinakoroma chini chini kama paka. Hii ilikuwa inapiga kelele kavu, ya chuma kwa chuma, tiki-tiki-tiki, unaisikia kutoka mtaa wa pili. Wazungu wanaipenda hivyo. Ifakara nzima hapakuwa na nyingine. Alisuka gurudumu kwa siku kadhaa, spoku moja moja, kama mtu anayesuka nywele za mwanawe, na lilipokamilika akalitundika ukutani sebuleni, kwenye msumari, akisubiri rangi ya fremu ikauke.

Jioni hiyo Devota alikuwa uani anapepea mkaa. Sylvanus amekaa kizingitini, anamenya mihogo. Magharibi imetulia, hata mbwa wa jirani amenyamaza.

Tiki… tiki… tiki…

Ilitokea upande wa barabara ya mtoni. Inakuja taratibu, ya mtu anayeteleza bila haraka.

Tiki-tiki-tiki-tiki…

"Sila," Devota aliita bila kugeuka, "umeshaanza kuiendesha?"

Sylvanus aligeuza shingo ndani. Gurudumu lilikuwa pale pale kwenye msumari, halitikisiki.

"Hapana."

"Basi kuna mwenzako kanunua kama yako."

Ile sauti ikapita ubavuni mwa nyumba, ikapunguza mwendo. Ikasimama chini ya dirisha la chumbani. Na hapo ndipo harufu ilipoingia… ile ile ya ndani ya boksi. Mihogo ikamtoka mikononi. Alijikaza kisabuni, akazunguka nyumba.

Hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi kavu palikuwa na mchirizi mmoja wa tairi, umelowa, unatoka barabarani na kuishia pale dirishani. Haukurudi.

*

Meseji zilianza wiki iliyofuata, zote kutoka lile duka la ng'ambo. Asante kwa kununua tena, mteja wetu. Rimu zako ziko njiani. Ikaja nyingine: shokapu ya mbele iko njiani. Ikaja ya breki. Sylvanus hakuwa ameagiza hata njugu. Alikwenda moja kwa moja kwa Seifu, ambaye anajua mambo ya simu kuliko yeye.

"Umeibiwa neno la siri, Pacha," Seifu alisema. "Wezi wa mtandao hao. Cheki hela zako."

Wakacheki. Haikuwa imeguswa hata senti.

Seifu alicheka. "Mwizi gani huyu, anaiba halafu analipa mwenyewe?" Kisha akaangalia uso wa Sylvanus, kicheko kikamwisha. "Ile habu ulinunua ngapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Sylvanus alimwonyesha kidole kimoja. Seifu akachukua ile simu, akafuta akaunti kwa mkono wake mwenyewe, akamwonyesha: haipo, imekufa. Walipeana mikono kama watu waliomaliza kazi.

Jioni ile ile simu ikalia. Cheni yako na spoku ziko njiani, mteja wetu.

Akaona heri aende kwa Gladness amwambie mizigo hiyo ikifika airudishe, asiipokee. Gladness alikuwa anabandika namba kwenye mabegi ya watu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka gundi chini.

"Kaka Sila, unanitania?"

"Kwa nini?"

"Mbona mizigo umeshachukua. Yote. Unakuja mwenyewe, ile saa nafunga." Alipunguza sauti, maana kulikuwa na abiria mlangoni. "Mara ya mwisho umelowa chapachapa. Nikakuuliza, mvua iko wapi? Hukunijibu. Ulicheka tu."

"Nilikuonyesha kitambulisho?"

"Sura si naijua." Alifuta viganja kwenye sketi, kama vina kitu. "Mkono wako ulikuwa wa baridi. Nikasema, huyu malaria inamwanza."

Sylvanus alitaka kumweleza kwamba zile saa yeye huwa yuko kizingitini kwake anasikiliza barabara. Lakini ungeanzia wapi kumwambia binti wa watu jambo kama hilo, naye analala peke yake kwenye chumba cha kupanga? Alimuaga tu.

Kwa maana kila jioni sasa ilikuwa inakuja. Na kila ikija ilikuwa na sauti mpya. Kwanza ilikuwa ile tiki-tiki peke yake. Baadaye ikasikika na tairi mbili zikisaga kokoto. Baadaye cheni. Baadaye breki, ule mguno mfupi chini ya dirisha. Sylvanus ni fundi, masikio yake hayadanganyiki. Kuna mtu alikuwa anaunda baiskeli, kipande kwa kipande, na alikuwa anaiunda vizuri.

*

Mvua za kwanza zilipoanguka, Devota alikwenda kliniki. Alirudi anacheka peke yake njiani, kanga imelowa, wala hajali.

"Kaa chini," alimwambia mumewe. "Kaa kwanza. Wako wawili."

"Wawili nini?"

"Watoto, we mwanaume. Nesi anasema ile mara ya kwanza huyu wa pili alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake. Inatokea, amesema. Na kwenu si ndiyo damu yenu?"

Majirani wakaja, vigelegele vikapigwa, mmoja akaleta kuku. Sylvanus alikaa juu ya kinu, mikono magotini. Machozi yalikuwa yanamtoka, Devota akadhani ni ya furaha, akamfuta kwa ncha ya kanga. Sylvanus alikuwa na hofu. Alimpenda Devota, na wale watoto aliwapenda kabla hajawaona, na alikuwa ameshajua wa pili amekuja kwa ajili ya nani.

Kesho yake alivuka daraja kwenda kwa Theodosia. Alimkuta uani anapeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umenunua kimoja," alisema, hakuinua macho.

"Shangazi, niliagiza kwenye simu tu. Sikwenda dukani."

Ungo uliendelea. Sha… sha… sha… Sylvanus alingoja matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Hayakuja, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ulipoandika moja," Theodosia alisema hatimaye, "ulimwambia kwamba umebaki peke yako. Ndugu yako. Amesikia. Sasa amejua kununua mwenyewe."

"Nifanye nini?"

"Dawa nilikupa siku ya mazishi. Nyingine sina."

"Nimpe na yangu. Nimpe baiskeli nzima. Nitampa jina la mmoja wa watoto, kama ulivyosema. Au wote wawili."

"Mpe mtoto jina lake, ni vizuri. Jina halimdhuru mtu."

"Na watoto, shangazi? Mwanzo alionekana mmoja."

Ungo ukasimama. Theodosia alichagua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa, akafuta mikono polepole.

"Angebaki mmoja, angekuwa wako," alisema. "Viwili viwili, baba. Ndivyo mlivyolelewa."

Sylvanus hakukaa nyumbani. Alipitia kulichukua lile gurudumu ukutani, akaenda nalo makaburini kabla jua halijazama. Alilifungua spoku zote, vidole vikachubuka, akaitoa habu na kuichimbia kwenye udongo wa kaburi la nduguye. "Hii yako," alisema. "Chukua na fremu. Chukua na kibanda ukitaka. Niachie wale." Akapiga magoti, akasali sala zote anazozijua, za kanisani na nyingine za kubuni. Alipoinuka kuondoka ndipo alipoona nyasi zimelazwa kwenye mstari mmoja mwembamba, ukianzia pale kichwani mwa kaburi na kuelekea mjini. Hapakuwa na wayo wa mtu ubavuni mwake.

Asubuhi, Devota alimwita sebuleni.

"Sila, si ulisema umelitupa hili?"

Gurudumu lilikuwa kwenye msumari. Limesukwa upya, spoku zote zimekazwa, habu imepakwa grisi. Kazi safi kabisa. Sylvanus mwenyewe hakuwahi kusuka gurudumu likanyooka namna ile. Evarist ndiye aliyekuwa anaweza.

Alikuwa amerudishiwa cha kwake.

*

Uchungu ulimshika Devota katikati ya masika, mto umeshapanda na mashamba ya huku bondeni yamegeuka bahari. Bajaji iliwafikisha hospitali jua likiwa bado juu. Walimwingiza ndani, Sylvanus akabaki kwenye benchi la korido, na mfuko wa nguo za watoto mapajani. Nguo zilikuwa mbili mbili. Kitenge cha njano ambacho Devota alikipenda kuliko vyote kilikuwa juu.

Simu ikatetemeka mfukoni.

Safari hii duka lilikuwa limetuma na picha. Kiti cha mtoto, cha kufunga nyuma ya baiskeli, kina mikanda ya kifuani na mahali pa kuwekea miguu. Rangi nyeusi. Idadi, moja. Na chini yake: mteja ameshapokea.

Sylvanus aliinuka. Alikwenda mpaka mlango wa wodi, akagonga. Nesi alitoa kichwa.

"Dada, naomba niingie. Nikae naye tu."

"Baba, subiri. Wa kwanza ameshatoka, wa kiume. Mzima kabisa. Subiri."

Akaegemea ukuta. Alimsikia yule wa kwanza analia, kilio cha hasira, cha mtu aliyekuja kukaa. Kisha akamsikia wa pili. Akalia na yeye, mara moja… mara mbili. Sylvanus alikuwa ameng'ata ngumi. Dirisha la korido lilikuwa linageuka rangi ya chungwa, jua linaondoka.

Tiki… tiki… tiki…

Uani. Chini ya miti ya hospitali, kwenye madimbwi.

Tiki-tiki-tiki-tiki…

Breki. Kimya. Harufu ya tope ikapita koridoni, mama mmoja aliyekuwa amelala kwenye benchi akafunika pua bila kuamka. Ndani ya wodi, kilio kimoja kilikatika katikati. Hakikufifia. Kilikatika.

Kisha baiskeli ikaondoka. Sasa ilikuwa inakwenda polepole zaidi, kwa uangalifu, namna mtu anavyoendesha akiwa na kitu cha thamani nyuma yake. Na juu ya ile tiki-tiki kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, inayoshtuka kila gurudumu linapopita kwenye shimo. Sylvanus aliisikia mpaka ilipoishia upande wa mto. Kwa hiyo nesi alipotoka na macho mekundu, akianza kueleza habari za mapafu, alimwambia, "Najua, dada. Asante." Nesi hakumwelewa.

Yule mdogo walimzika kesho yake, kwenye kitenge cha njano. Aliyebaki walimpa jina la Evarist. Theodosia alikuja, akampakata, akamtazama sana usoni, akamrudisha kwa mama yake.

Seifu alimletea zawadi ya mtoto, jozi mbili za soksi. Alipoondoka, Sylvanus alitoka nazo mpaka barabarani, akampa jozi moja mama aliyekuwa anapita na mwanawe mgongoni. "Hizi za mwenzake," alisema.

*

Ungefikiri yameishia hapo. Devota naye alifikiri hivyo. Alilia akalia, kisha mtoto aliyebaki akamfundisha kucheka tena, maana ni mtoto mwenye afya, ananyonya bila mchezo. Kwa muda hata ile sauti ya barabarani ilikoma. Sylvanus alianza kulala.

Ndipo duka likamwandikia. Mteja wetu, umeonaje bidhaa yako? Pale chini ya picha ya kile kiti, mahali wanunuzi wanapoandika maoni yao, palikuwa pameongezwa maoni mapya. Hayakuwa na neno hata moja. Nyota zote zimejazwa, na picha moja.

Ni mashamba ya mpunga yaliyofurika, jua linazama. Katikati ya maji imesimama baiskeli nyeusi, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuigusa, kila kitu mahali pake. Nyuma kimefungwa kiti. Ndani ya kiti kuna kitu kidogo, mikanda imekazwa vizuri, kimeviringishwa kitenge cha njano.

Hakumwonyesha Devota. Mpaka leo hajamwonyesha.

Chini kabisa ya ile meseji palikuwa na maandishi madogo: kuna kitu kwenye kikapu chako, hujakamilisha kununua. Akafungua. Kiti cha pili cha mtoto, cha kufunga mbele, kwenye usukani; naye alikuwa ananunua viwili viwili. Idadi, moja.

Alikifuta. Jioni iliyofuata, mbu wanapoanza, kimerudi. Akakifuta tena. Tangu hapo ndiyo kazi yake. Utamkuta kibandani, ana tairi la mtu mapajani, jua likishuka anaacha kila kitu na kuchukua simu. Watu wanasema amekuwa mlevi wa mtandao. Amebadilisha laini, amebadilisha simu, kikapu kinamfuata. Akikifuta kabla jua halijazama, usiku unapita salama. Na ile sauti imeanza upya. Inakuja mpaka kona ya nyumba, inasubiri, kisha inageuza.

Jana upepo uliangusha nguzo ng'ambo ya mto. Ifakara yote haina umeme. Leo mchana kutwa Sylvanus amezunguka mjini na simu mkononi, kwa Seifu, kwa Gladness, kwa wenye mashine za dizeli, kila penye chaji pana foleni ya watu wenye shida zao. Alipata chaji kiduchu, akaja anakimbia. Alifika uani kwake jua likigusa mashine za mpunga. Akafungua kikapu. Duara dogo likaanza kuzunguka katikati ya kioo, linatafuta mtandao… linatafuta…

Simu ikazima.

Devota alikuwa kitandani na mtoto, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto. "Sila," aliita, ana kicheko sautini, "njoo umwone mwanao. Sijui anamwona nani hapo dirishani. Ananyoosha mikono abebwe."